Akiugua Huko Juu, Atashushwa Bandari Gani?

Ami yangu alifanya kazi chumba cha injini katika meli za mizigo kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo hawezi kuona kitu kinachokwenda bila kuuliza kimetoka wapi na kitatia nanga wapi. Jioni moja tulikuwa tumeketi Mama Ngina, ufukweni Mombasa, muhogo wa kukaanga mkononi, ndimu na pilipili zikituchoma midomo, nikamwonyesha nyota iliyokuwa ikikata mbingu bila kumemeta. Ilitoka upande wa Likoni ikielekea Nyali, mwendo wa taratibu usioyumba, kisha katikati ya safari yake ikazimika kama karabai iliyoishiwa mafuta.

Nikamwambia ile si nyota. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinaizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Kimezimika kwa sababu kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Na ndani mna watu. Tangu Novemba 2000 hakijalala hata siku moja bila mtu.

"Hukaa muda gani?"

Miezi sita kwa kawaida, nikamjibu. Wengine hufika mwaka.

Akatafuna muhogo wake mpaka ukaisha. "Na mtu akishikwa na tumbo huko, hushushwa bandari gani?"

Hakuwa akifanya mzaha. Aliwahi kuwa kwenye meli iliyoacha njia yake siku mbili nzima ili kumwahisha mwenzao hospitali, kidoletumbo kimemvimba, na anakumbuka jinsi mashine zilivyosukumwa mpaka zikalia. Nimezunguka na swali lake wiki kadhaa sasa.

Mji wetu una historia na swali hilo. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa. Skuli tulifundishwa uhasama uliozuka, tukaishia hapo. Lisilosimuliwa sana ni kwamba baadhi ya mabaharia wale walikuwa wagonjwa: tangu miezi michache nyuma miguu na mikono ilikuwa imewafura, na fizi zimevimba mpaka zikafunika meno, hata kula hawawezi. Kiseyeye. Mfalme wa Mvita akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Mmoja wao aliyekuwa akiandika habari za safari anasema wagonjwa wao wote walipata afya hapa, naye akaisifu hewa ya mji. Hewa! Mwenye kuijua Mombasa ya mwezi wa Aprili, fukuto na mvua na mbu, hatasadiki kwamba hewa ile ilimponya mtu. Yalikuwa machungwa.

Waliporudi kutoka India hawakungoja kaskazi ishike, kosa ambalo nahodha yeyote wa jahazi angewaonya nalo. Wakakwama baharini karibu miezi mitatu. Watu wapatao thelathini wakafa, na kila meli ikabakiwa na saba au wanane wenye nguvu za kushika kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, walichokiomba wagonjwa ni machungwa. Meli moja wakaichoma moto, kwa kuwa mikono ya kuiendesha haikutosha tena. Zaidi ya miaka mia nne ikapita kabla ya wanasayansi kuitambua vitamini C yenyewe.

Nimeanza na kiseyeye kwa makusudi. Ugonjwa ule hauambukizwi, wala hauletwi na sumu. Ni ugonjwa wa kukosa: mwili umekatiwa kitu ulichokuwa ukikipokea nchi kavu kila siku, na mwenyewe hukujua kwamba unakipokea. Karibu kila kinachomsumbua mwanaanga wa safari ndefu ni kiseyeye cha aina yake.

Mkwezi na nazi yake

Kitu cha kwanza kukatwa ni uzito.

Wengi hudhani huko juu hakuna nguvu ya uvutano. Ipo tele. Kituo kiko kilomita 400 hivi juu yetu, masafa mafupi kuliko ya basi la kwenda Nairobi, na kwa urefu huo uvutano wa dunia bado ni kama sehemu tisa kwa kumi ya huu tunaousikia hapa. Kinachotokea ni kuanguka. Fikiria mkwezi aliyeteleza juu ya mnazi na nazi mkononi. Muda wote wa kuanguka (mfupi, Mungu amnusuru) ile nazi haimlemei hata kidogo, kwa sababu yeye na nazi wanashuka pamoja. Wanaanga ni mkwezi huyo, ila chombo chao kinakwenda mbele kwa kasi kubwa mno: kadiri kinavyoanguka, ndivyo dunia inavyojipinda chini yake, na ardhi haifikiwi. Ni watu wanaoanguka miezi sita bila kutua.

Mwili ukishaingia katika hali hiyo, maji yake hupoteza njia. Hapa chini damu na majimaji huvutwa kuelekea miguuni mchana kutwa. Kule, lita mbili hivi hupanda kifuani na kichwani. Uso hufura, miguu hukonda kama ya korongo, pua huziba kama ya mwenye mafua yasiyoisha. Pua ikiziba chakula hakina ladha, ndiyo maana chupa za pilipili ni mali ya thamani kituoni, na mwaka 2021 wanaanga walipanda na kuvuna pilipili zao wenyewe humo humo. Ami aliposikia hivyo aliutazama muhogo wake kwa heshima mpya.

Mwili nao, ukiona maji yamejaa juu, hudhani yamezidi, ukapunguza kiasi cha damu. Hilo halina shida mtu akiwa anaelea. Shida huja siku ya kurudi: akisimama, damu chache iliyopo hukimbilia miguuni na kichwa kinabaki kitupu. Kwa hiyo kabla ya kushuka hupewa chumvi na maji mengi, na huvaa nguo zinazobana miguu na tumbo.

Macho ndiyo yaliyowashtua madaktari. Mwaka 2011 zilichapishwa habari za wanaanga saba waliorudi kutoka safari za miezi sita wakiwa na kasoro za namna moja: nyuma ya jicho pamebonyea, mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, na mtu aliyekuwa akisoma vizuri sasa anasogeza karatasi mbali. Inadhaniwa ni yale maji yaliyopanda, lakini kwa nini huyu apate na mwenzake akose bado wataalamu wanabishana. Kwa sasa dawa ni ya kibaharia kabisa: mtu hupewa miwani ya akiba kabla ya safari.

Mifupa ni hadithi ndefu zaidi. Tunauchukulia mfupa kama jiwe, kumbe ni nyumba inayojengwa na kubomolewa kila siku. Ndani yake mna chembe hai zinazokula mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya, na anayewaamrisha mafundi hao ni mzigo. Ukitembea, ukipanda ngazi, ukibeba ndoo, mfupa hupata habari kwamba unahitajika. Mtu anayeelea habebi chochote, hata kichwa chake. Wajenzi wakalegea, wabomoaji wakaendelea na kazi. Asipofanya mazoezi, mwanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi, kiasi ambacho bibi mzee hapa chini hukipoteza kwa mwaka mzima. Na kalisi, chokaa ya mfupa iliyobomolewa, lazima itokee mahali. Hutoka na mkojo, ikipitia kwenye figo, na hapo tayari umemtengenezea mtu mawe ya figo, mahali pabaya kuliko pote pa kuugua ugonjwa huo.

Misuli ya mgongo na ya mashavu ya miguu hulegea kwa sababu hiyo hiyo, na moyo nao ni msuli. Mmarekani Scott Kelly alikaa kituoni siku 340, kati ya 2015 na 2016. Watafiti walipoupima moyo wake, chumba kikuu cha kushoto kilikuwa kimepungua uzito kwa zaidi ya robo. Kilichonivutia zaidi ni aliyelinganishwa naye: Benoît Lecomte, aliyeogelea siku 159 katika Bahari ya Pasifiki mwaka 2018, saa nyingi kila siku amelala juu ya maji. Naye moyo wake ulipungua, pamoja na juhudi zote zile, kwa kuwa maji yalimbebea uzito na moyo haukuwa na kazi ya kuisukuma damu kwenda juu. Watoto wetu wanaoshinda wakijirusha baharini wasitishike. Wao hutoka wakala, wakatembea, wakagombana.

Kwa hiyo mwanaanga hutengewa saa mbili hivi za mazoezi kila siku, na hilo halihesabiwi kuwa burudani, ni kazi kama ya kurekebisha mtambo. Kunyanyua vyuma hakuna maana mahali ambapo chuma hakina uzito, basi ikatengenezwa mashine yenye mitungi iliyotolewa hewa ndani, ambayo ukiivuta inakuvuta, mpaka nguvu ya kama kilo 270. Ipo baiskeli isiyo na kiti. Ipo mashine ya kukimbilia, na mkimbiaji hufungwa mikanda ya kumvuta chini, la sivyo hatua ya kwanza ingempeleka darini. Aprili 2007 Sunita Williams alikimbia mbio za marathoni za Boston juu ya mashine ya namna hiyo, huku wenzake wakizikimbia barabarani huko chini.

Mazoezi haya yamesaidia sana, tena yakiongezwa chakula cha kutosha, vitamini D (jua la dirishani kule halifai kuotewa) na wakati mwingine vidonge vya kuzuia mfupa kuliwa. Lakini hayajamaliza kazi. Utafiti wa 2022 uliowafuatilia wanaanga 17 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kurudi, mifupa ya miundi ya wengi wao ilikuwa haijarudi ilivyokuwa.

Kwa kuwa wanaanga ni wachache, sehemu kubwa ya utafiti hufanywa vitandani. Kule Cologne, Ujerumani, watu hulipwa walale siku 60, kitanda kimeinamishwa nyuzi 6 upande wa kichwa, ili damu ipande kama inavyopanda angani. Kula, kuoga, choo, vyote ukiwa umelala. Kibokoni nawajua vijana ambao wangeifanya kazi hiyo bila mshahara, ingawa nasikia baada ya wiki ya kwanza mgongo huuma mpaka mtu akajuta kuzaliwa na uti.

Paa lisiloonekana

Sisi wa pwani tuna sehemu yetu katika hili la pili. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini Ngomeni kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuikagua mbingu kwa miale ya eksirei. Kwa nini ilibidi kupanda mpaka huko? Kwa sababu hewa inayotufunika huizuia miale ile isitufikie. Ukiwa Ngomeni ufukweni huwezi kuipima hata kidogo.

Kilichokuwa kero kwa wanajimu ni paa kwetu. Juu ya hewa kuna paa la pili, usumaku wa dunia, unaokinga chembe nyingi zinazorushwa na jua na nyota zilizolipuka zamani. Wanaanga wa kituoni wametoka nje ya paa la kwanza lakini bado wako chini ya la pili. Anayekwenda Mirihi ameyaacha yote mawili.

Hesabu yake inatisha kidogo. Binadamu wa kawaida ardhini hupata wastani wa milisiveti 2.4 za mionzi kwa mwaka. Chombo cha Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mirihi, kati ya Novemba 2011 na Agosti 2012, kilipima kama milisiveti 1.8 kwa siku. Siku moja, miezi tisa yetu. Kwenda na kurudi kunamfikisha mtu kwenye milisiveti 660 hivi, kabla hujahesabu muda atakaokaa huko, na kikomo walichojiwekea NASA kwa mwanaanga katika maisha yake yote ya kazi ni 600. Mionzi hiyo huongeza hatari ya saratani na ya mtoto wa jicho.

Ungedhani dawa ni kuta nene za risasi, kama kwenye chumba cha eksirei. Mambo ni kinyume. Chembe nzito ya angani ikigonga metali nzito huivunja na kumwaga vipande vingine ndani, ukawa umeongeza mvua badala ya kuziba paa. Vitu vyepesi vyenye haidrojeni nyingi hukinga vizuri zaidi: plastiki, na maji. Maji yenyewe lazima yawepo, kwa hiyo wahandisi huwaza kuyapanga kuzunguka kijichumba cha kujifichia siku jua linapochafuka. Agosti 1972 lilichafuka vibaya, na hakukuwa na mtu njiani. Apollo 16 ilikuwa imerudi Aprili, Apollo 17 ikaondoka Desemba. Bahati.

Kuhusu maji, kwa ufupi: tangu 2023 kituo kinaweza kurudisha asilimia 98 ya maji yake, jasho na mkojo vikiwemo, yakawa safi ya kunywa. Ami hakutaka kuendelea na mada hii wakati wa kula.

Saa, na watu

Kule jua huchomoza mara 16 kwa siku. Mwili, uliozoea kuambiwa na mwanga wakati wa kulala, hubabaika. Kituo kimeamua kufuata saa ya Greenwich, na taa zake hubadilishwa rangi, za buluu asubuhi, nyekundunyekundu usiku, ili kuudanganya ubongo. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda ndani ya mwezi wa Ramadhani, na baraza la fatwa la nchi yake lilikuwa limeshakaa kulijibu swali la sala: afuate nyakati za mahali aliporukia, asiyafuate yale machweo 16. Wanavyuoni na madaktari wa usingizi hawakushauriana, lakini wote walimpa mtu yule saa ya ardhini aishike.

Wenye kulala hufungwa ndani ya mfuko ukutani, na feni lazima izunguke. Hewa moto haipandi mahali pasipo na juu, kwa hiyo pumzi unayoitoa inaweza kukuganda usoni kama wingu, ukaamka kichwa kinapasuka.

Upweke ni mgumu kuupima kuliko mfupa. Mjini Moscow, kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa siku 520 katika chombo cha kuigiza safari ya Mirihi, bila kupaa popote. Hawakupigana. Walichofanya ni kuzidi kulala na kupunguza kutembea mwezi baada ya mwezi, na mmoja wao saa yake ya mwilini ikahama kabisa, akawa macho wenzake wamelala. Wenzake wapo, lakini yeye yuko peke yake. Ami alilielewa hilo bila maelezo. Anasema kwenye meli mtu mkorofi si tatizo kubwa, utagombana naye na mtapatana. Wa kuogopwa ni yule aliyeacha kuja kula.

Na tarehe ya kurudi nayo ni dawa, ikihama mtu huugua. Wakati wa korona, mwaka 2020, mabaharia wapatao 400,000 duniani walikwama melini mikataba yao imekwisha. Frank Rubio alipanda Septemba 2022 kwa miezi sita. Chombo cha kumrudisha kikavuja maji ya kupozea mitambo, na akarudi baada ya siku 371. Kabla ya hapo hakuna Mmarekani aliyewahi kukaa juu mfululizo muda mrefu kama huo.

Maradhi ya kawaida niyapitie haraka. Kabla ya safari wanaanga hutengwa kama wiki mbili, kwa kuwa mafua angani ni balaa. Kamasi haishuki, inakaa. Mwaka 1970 Ken Mattingly aliondolewa Apollo 13 siku chache kabla ya kuruka kwa sababu tu alikuwa amekaa karibu na mwenye rubela. Hata hivyo kuna virusi ambavyo mtu hupanda navyo. Kile cha tetekuwanga, kinacholala mwilini tangu utotoni na kuamka uzeeni kama mkanda wa jeshi, huanza kujitokeza mateni kwa wanaanga wengi, ishara kwamba kinga yao imelegea.

Sasa bandari

Turudi kwa mtu aliyeshikwa na tumbo. Kwa anayezunguka dunia, jibu ni kwamba bandari iko chini yake, karibu mno. Daima kuna chombo kimefungwa kituoni cha kuwashusha, na kushuka ni kazi ya saa chache. Imeshatokea: Novemba 1985 safari ya kituo cha Kisovieti cha Salyut 7 ilikatizwa kwa sababu kamanda wake, Vladimir Vasyutin, aliugua.

Kabla ya kufika huko, daktari hupelekwa kwa redio. Mmoja wa wafanyakazi huwa amefunzwa kushona jeraha, kuchoma sindano, kung'oa jino. Kisa ninachokipenda kilichapishwa mwanzoni mwa 2020, jina la mgonjwa likafichwa. Miezi miwili baada ya kupanda, mwanaanga mmoja alikuwa akijipima shingo kwa ultrasaundi kwa ajili ya utafiti tu, na picha ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Hakuwa na maumivu yoyote. NASA wakampigia simu Stephan Moll, daktari wa damu wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Kituoni kulikuwa na dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, lakini kidogo, kwa hiyo kipimo kikapangwa kwa kubana matumizi mpaka chombo cha mizigo kilipoleta vidonge. Kila mara mgonjwa alijipiga picha mwenyewe, mtaalamu akimwelekeza kutoka chini: sogeza kushoto, bonyeza, shikilia hapo. Matibabu yalichukua zaidi ya siku 90, akarudi salama.

Kisome tena kisa hicho ukihesabu kilichomwokoa. Simu inayojibiwa papo hapo. Chombo cha mizigo kinachokuja. Mlango wa kushuka endapo mambo yangeharibika. Mirihi inaviondoa vyote vitatu.

Watu wa majahazi watalielewa hili upesi kuliko wengine, maana Mirihi ina msimu wake. Dunia na sayari ile hukaa mkao mzuri wa kusafiri mara moja kila miezi 26 hivi. Ukifika, baada ya miezi sita hadi tisa, upepo wa kurudi haujaanza. Lazima ungoje kama mwaka mmoja na nusu, kama jahazi la Arabuni lililofika na kaskazi likingoja kusi lirudi kwao. Jumla ni karibu miaka mitatu. Ujumbe wako, wakati sayari ziko mbali kabisa, huchukua zaidi ya dakika 20 kufika, na jibu dakika nyingine kama hizo. "Sogeza kushoto" haisaidii kwa mtindo huo. Na kugeuza njia, kama walivyofanya kina ami, hakuwezekani kabisa: ukishashika njia hiyo, sheria za mwendo ndizo nahodha.

Dawa zenyewe huzeeka. Zaidi ya nusu ya dawa za kituoni muda wake wa matumizi ungekwisha kabla ya safari ya miaka mitatu kumalizika. Na chakula cha pakiti, kikikaa miaka mitatu bila jokofu, hupoteza vitamini zake, na miongoni mwa zinazotangulia kuharibika ni vitamini C. Ile ile. Miaka zaidi ya mia tano baada ya kondoo na machungwa ya mfalme wa Mvita, watu wenye roketi wanarudi kuhangaikia kiseyeye. Ndiyo sababu ya zile pilipili, na ya letusi nyekundu waliyoila wanaanga Agosti 2015. Ilikuwa majani machache tu, kila mmoja akapata tonge.

Kidoletumbo hakina jibu zuri. Wapo wanaosema kitolewe kabla ya safari, kama wanavyofanyiwa madaktari wa vituo vya Australia wanaokwenda kukaa Antaktika majira ya baridi. Wengine wanauliza kwa nini umpasue mtu mzima. Nilimhadithia ami kisa cha Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti huko Antaktika. Aprili 1961 kidoletumbo kilimshika mwenyewe, barafu pande zote, ndege haiwezi kutua. Akajilaza, akajichoma dawa ya ganzi, akajipasua, akakitoa kwa mkono wake, na baada ya wiki mbili hivi akarudi kazini.

Ami alinyamaza kitambo. Kisha akataka kujua ndani ya tumbo lake mwenyewe alionaje.

Kwa kioo, nikamwambia. Alishikiwa.

"Na nani?"

Fundi mitambo wa kituo.

"Mtu wa injini," akasema, akaketi vizuri, akamwita mwenye muhogo alete ndimu nyingine.